Kuku wa kienyeji, mlenda, na meza ya mwisho: mgahawa mmoja wa Dodoma

Ukifika, usikae meza za mbele. Pita jiko, pita pipa la maji, nenda mpaka mwisho kabisa kwenye ua wa minyaa. Hapo kuna mwarobaini mkubwa, na chini yake meza moja ya mbao yenye viti viwili tu vya plastiki. Hiyo ndiyo meza ninayoiandikia. Chakula nitakieleza pia maana kinastahili, ila kwa ajili ya kuku peke yake nisingekaa chini kuandika maneno yote haya.

Jina la mgahawa sitalitaja, wala mtaa. Mwenye nao ni mama wa watu, ana watoto wanaosoma, na sitaki mtu aende kumsumbua kwa maswali kwa sababu ya jambo nililolisema mimi kwenye kiti chake. Niseme tu kwamba uko Dodoma mjini, bodaboda kutoka Nyerere Square ni 2,000, na jirani yake kuna mashine ya kusaga nafaka, kama ilivyo mitaa mingi ya mji huu.

Nianze na kuku. Ni wa kienyeji kweli, anachinjwa ukishaagiza, na utamsikia akikamatwa. Toka kuagiza mpaka kuletewa ni saa moja na nusu, siku nyingine zinafika mbili. Watu wengi wenye haraka huondoka wakinung'unika. Anachemshwa kwanza na tangawizi na chumvi mpaka alainike, halafu anapitishwa kwenye mkaa ngozi ikauke. Supu yake inakuja kando kwenye kikombe, na ndimu. Nusu kuku ni 13,000. Ugali upo wa sembe na wa uwele. Omba wa uwele. Una rangi ya kijivu na harufu kama ya nafaka iliyokaangwa kidogo, unashiba mapema na njaa inachelewa kurudi. Mboga yake ni mlenda, ule wa majani makavu yaliyotwangwa ambao Wagogo wanauita ilende, na mama huyu anautia karanga. Unaletwa kwenye bakuli moja hata mkiwa wawili, mnachovya pamoja. Bakuli hilo nitalirudia.

Juisi ya zabibu sikushauri. Zabibu zetu ni tamu zenyewe, lakini mama anaongeza sukari mpaka ladha inapotea. Nimeshamwambia mara mbili, akanisikiliza kwa upole, na mara ya tatu ikaja vilevile. Choo kiko mbali na taa yake ni hafifu. Julai mpaka Septemba upepo wa huku haupumziki, hivyo omba kawa la kufunikia chakula, la sivyo utakula vumbi la mtaa mzima.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa nautafuta mgahawa wa namna hii. Mimi ni mwanamume, nina miaka 33, nafanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika wizara mojawapo kule Mtumba, na ninawapenda wanaume. Mwaka huu nilikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nampenda, na kwa miezi miwili niliuzunguka mji huu nikitafuta mahali pa kumwambia.

Watakaosoma haya na hawako kama mimi wanaweza kudhani shida ni wanaume wawili kuonekana pamoja. Hapana. Kwetu wanaume wawili wanaweza kula sahani moja, kupanda pikipiki moja, kushikana mikono barabarani wakizungumza, na hakuna atakayegeuza shingo. Kuonekana si shida. Shida ni kusikika. Halafu kuna shida ya pili ambayo sikuifikiria mpaka nilipoanza kutafuta, nayo ni huyo unayemwambia. Umekaa miaka na neno lako, umelizoea. Yeye unamtupia kwa dakika moja. Anahitaji mahali ambapo akitaka kusimama na kuondoka anaweza, bila kupita katikati ya watu, bila wewe kumzibia mlango, na bila kutegemea usafiri wako.

Kwa hiyo chumbani kwangu nilipafuta mapema. Kumwita mtu ndani, kufunga mlango kwa ajili ya majirani, halafu kumwambia jambo kama hilo, ni kumtia mtegoni hata kama huna nia hiyo. Nilijaribu bustani ya hoteli moja yenye taa nzuri. Mhudumu alikuja mezani mara sita, na kila akija aliuliza kitu: kaka mmeshaamua, kaka niongeze maji, kaka shemeji hajaja leo? Bei zake pia zilikuwa za wabunge. Kuanzia Aprili mpaka Juni, wakati wa Bunge la bajeti, sehemu nyingi nzuri za mji huu hujaa, na meza moja iko shingoni mwa nyingine. Nilienda baa moja ya wazi upande wa Area D, muziki ukawa mkubwa kiasi kwamba ningelazimika kumpigia kelele mtu sikioni. Neno hili huwezi kulipigia kelele. Nyerere Square penyewe ni pazuri jioni, lakini nikikaa dakika kumi tu atapita mtu wa ofisini.

Hapa kwa mama nilikuja mara ya kwanza kwa njaa tu, nikitoka kazini. Nikakaa meza ya mwisho kwa sababu za mbele zilikuwa na watu. Ile mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma upande wa pili wa ua, nikagundua kwamba nawaona watu wa meza ya mbele wakisogeza midomo na sisikii neno hata moja. Na wao hawawezi kunisikia mimi. Mtu wa kiti cha pili pale mezani, umbali wa mkono, angenisikia vizuri kabisa. Nikatazama zaidi. Viti viwili: kimoja kimeelekea minyaa, kingine kimeelekea lango dogo la pembeni linalotokea barabarani, na hatua ishirini kutoka lango hilo ni kijiwe cha bodaboda. Mama mwenyewe alikuja mara moja kuchukua oda, akanisalimia "Mbukwa," akaondoka, na hakurudi mpaka chakula kilipoiva. Hakuniuliza kama nina mke. Nikakaa saa mbili chini ya mwarobaini ule kama mtu aliyeona kiwanja anachoweza kujenga.

Nimekula pale mara tisa sasa. Baada ya ile ya kwanza nilikwenda peke yangu mara nne, kufanya mazoezi ya kusema.

Inabidi niseme kidogo kuhusu sheria, maana kuna vijana watakaosoma hapa na wanatishwa na maneno wasiyoyajua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile, tulirithi kwa Waingereza, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliyoongeza ukali. Adhabu yake haipungui miaka 30 na inaweza kufika kifungo cha maisha. Nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wangu wa kazi. Kinazungumzia tendo. Hakimtaji mtu aliyekaa chini ya mti akamwambia mwenzake kwamba anampenda. Lakini anayetaka kukuharibia hatasubiri uchambuzi huo. Ataanza na mwenye nyumba wako, aende ofisini, aende kanisani, amalizie kwa mama yako kijijini.

Kwa sababu hiyo, usiseme kwa simu. Nilikuwa Dar es Salaam mwaka 2018, zilipotangazwa zile habari za kuwasaka watu kama sisi, na usiku mmoja nilifuta majina kumi na moja kwenye simu yangu. Baadhi ya wale watu sijawapata tena hadi leo. Mwaka uliofuata, muda mfupi kabla sijahamia huku, mtu niliyekuwa nikiandikiana naye kwa wiki tatu alinitumia picha za maneno yangu mwenyewe, na chini yake namba ya kutumia pesa. Nilituma laki tatu. Baada ya siku nne nikatuma laki mbili. Halafu nikavunja laini. Tangu hapo nimeamua kwamba neno hili kwangu litatoka mdomoni, kwa mtu ninayemwona macho, au halitatoka.

Huyo mtu nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Anafundisha hesabu sekondari. Ni Mgogo wa Bahi. Tumepanga nyumba moja yenye vyumba sita, ua mmoja, bomba moja. Yeyote aliyeishi Dodoma anajua habari ya mgao wa maji. Kwetu yanatoka usiku, mara mbili kwa wiki, saa saba au saa nane, na anayesikia bomba likikoroma kwanza ndiye anayewaamsha wenzake kwa kugonga madirisha. Presha ni ndogo. Ndoo ya lita ishirini inachukua dakika nne au tano kujaa, na kila mtu ana ndoo tano au sita na madumu. Hesabu mwenyewe ni muda gani watu wawili wanakaa wamesimama kwenye giza, wamejifunga mashuka kwa baridi, wakisubiri maji. Hapo ndipo nilipomjua. Alinieleza habari za mashamba ya mpunga ya kwao, za baba yake aliyeuza ng'ombe wawili ili yeye asome chuo, za mwanafunzi wake mmoja wa kike anayekokotoa kichwani haraka kuliko yeye na jinsi anavyohofia ataozeshwa kabla ya kumaliza. Huwa ana kipande cha chaki mfukoni hata saa nane za usiku.

Nilimpenda polepole, na kwa muda mrefu sikujipa ruhusa ya kuliita jambo hilo kwa jina lake. Kilichonifanya niamini kwamba naweza kumwambia ni usiku mmoja wa Mei. Kuna kijana wa nyumba ya jirani, fundi wa kusuka, ambaye kwao bomba lilikuwa limeharibika akaja kuchota kwetu. Watu wakaanza maneno kuhusu sauti yake na mwendo wake, lile neno likatajwa, wakacheka. Kijana akainama kuchukua ndoo yake aondoke. Mwalimu akaitoa ndoo yake iliyokuwa chini ya bomba, ikiwa haijajaa, akaiweka ya yule kijana. "Ana zamu yake," akasema. "Mwacheni achote." Hakuongeza kitu. Kicheko kikakatika, kila mtu akarudi kwenye madumu yake.

Lile neno nalo linaniuma kwa namna ya peke yake. Shoga, kwa mama zetu, ni jina la mapenzi: mwanamke anamwita rafiki yake shoga, shoga yangu njoo, na ndani yake kuna siri na kicheko na kusaidiana. Nimekua nikilisikia jina hilo kwa mama yangu na rafiki zake barazani, Tanga. Halafu nikafika shule nikalikuta limegeuzwa jiwe la kupigia watoto wa kiume. Magazeti yanaandika "wapenzi wa jinsia moja", maneno manne ya kikaratasi ambayo hakuna mtu anaweza kuyasema mezani akimtazama mwenzake. Kwa hiyo sikuwa na jina la kujiita. Nilichokuwa nacho ni viwakilishi.

Na hapa lugha yetu imenitunza. "Yeye" haulizwi ni mwanamume au mwanamke. Mpenzi, mchumba, mwenzi, hata mkwe, yote yanapita bila kukaguliwa. Mama akinipigia simu kuuliza lini nitamletea mkwe, ninaweza kumjibu "yupo ninayemfikiria, mama, ila bado sijamwambia", na sijamdanganya mama yangu hata herufi moja. Nimeishi hivyo tangu ujana, nikisema kweli tupu kwa sentensi ambazo mtu mwingine anazielewa kwa njia yake.

Mwalimu naye nilimwambia hivyohivyo, bombani, mwezi wa Juni.

"Kuna mtu nampenda, nashindwa kumwambia."

"Anakaa wapi?"

"Hapahapa Dodoma."

"Anakujua?"

"Ananijua sana."

"Ana mtu?"

"Sijui. Sijawahi kumsikia akimtaja."

"Sasa kaka, unaogopa nini? Mwambie. Akikataa amekataa. Hutakufa."

Kwa wiki nane aliniuliza kila maji yakitoka. Umeshamwambia? Bado. Akanipa mawaidha mazuri ambayo nimeyahifadhi yote: nisiseme nikiwa nimekunywa, nisimpelekee zawadi kubwa kabla ya kusema maana itakuwa kama deni, nimpe nafasi ya kufikiri. Yalikuwa mawaidha ya mtu mwenye heshima na watu. Sikuwahi kusema "mwanamke". Yeye alisema, mara kadhaa, na mimi sikumsahihisha, na hilo lilinikosesha usingizi baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Nilichagua Nane Nane. Ni sikukuu, shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, na mji mzima unakuwa Nzuguni kwenye maonesho ya wakulima. Tulikwenda asubuhi. Tuliona ng'ombe wa maziwa, tuliona mbegu za alizeti, Mwalimu akazungumza nusu saa na bwana shamba mmoja kuhusu zabibu, akanunua mche mmoja kwenye kifuko cheusi cha plastiki. Mchana nikamwambia kuna sehemu wanachinja kuku wa kienyeji ukiwa unaona. Akasema twende. Kila mtu akapanda bodaboda yake. Nilihakikisha hilo, na nilihakikisha ana nauli ya kurudia.

Tukafika saa kumi alasiri. Mgahawa ulikuwa na watu wanne tu, wote mbele. Nikampa kiti cha kuelekea lango, mimi nikaelekea minyaa. Mche akauweka chini, katikati ya miguu yetu, ili usikanyagwe. Mashine ilikuwa inaunguruma. Watu wanasaga hata sikukuu. Nilikuwa nimepanga kusema kabla chakula hakijaja, ndani ya ile saa moja na nusu, mngurumo ukiwa umetuzunguka. Nilifanya mazoezi mara nne. Nilijua sentensi ya kwanza.

Sikuisema. Tuliongelea matokeo ya darasa lake, tukaongelea mpira, tukaongelea kama mizabibu inaweza kukua karibu na bomba. Kila mara nilipofungua mdomo nilitoa kitu kingine. Saa kumi na moja na nusu mashine ikazimwa. Ukimya uliofuata ulinishtua kama mtu aliyefunuliwa shuka. Dakika chache baadaye binti wa mama akaja na birika na beseni, akatunawisha, akaweka kuku, supu mbili, ugali wa uwele, na bakuli moja la mlenda. Akaondoka. Nikajiambia basi, leo imeshindikana, tule.

Tulipokuwa katikati ya kula Mwalimu akaniuliza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, akikata tonge.

"Yule mtu wako. Umeshamwambia?"

"Bado."

"Mpaka leo? Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe."

Hiyo haikuwa sentensi niliyoifanyia mazoezi. Ilitoka ndogo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuza shingo kutazama jikoni, kama kuna aliyesikia. Nimeifikiria sana ile shingo. Sijui alimhofia nani, yeye au mimi, na sijawahi kumuuliza. Hakukuwa na mtu karibu. Akanirudia usoni.

"Mimi?"

"Wewe. Nilisema mtu. Sikusema mwanamke hata siku moja."

Nikamwona anarudi nyuma kwenye maneno yote ya miezi miwili, usiku kwa usiku, akiyapanga upya. Lango lilikuwa mbele yake. Nilitazama minyaa, sikutaka macho yangu yamshike. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake. Halafu akanyoosha mkono, akachovya kwenye mlenda, kwenye bakuli lilelile ambalo mimi nilikuwa nimechovya muda si mrefu, akala.

Waliowahi kukaa upande wangu wataelewa kwa nini ninaandika kuhusu bakuli. Najua mtu aliyeanza kuwekewa kikombe chake peke yake kwa dada yake. Najua mwingine ambaye shuka alilolalia ugenini lilitupwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa kwa kicheko, hata kwa ngumi. Mkono ule kurudi bakulini sikuwa nimejiandaa nao, na koo lilinibana nisiweze kumeza.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, mimi siko hivyo."

"Sawa," nikasema. Haikuwa sawa. Nilikuwa nimetumaini, na tumaini lile lilikuwa kubwa kuliko nilivyokubali mwenyewe mpaka dakika ile lilipoanguka.

"Umekaa na hili peke yako miezi yote hii?"

"Miaka."

"Mingapi?"

"Tangu darasa la saba."

Akatikisa kichwa taratibu. Akachukua paja la kuku lililokuwa upande wake, akalisogeza upande wangu. "Kula. Tumemsubiri sana huyu." Na baadaye kidogo, akiwa ameinamisha sauti: "Pale mtaani usimwambie mwingine. Sisemi kwa ubaya."

"Najua."

Hakuondoka kabla yangu. Tulimaliza, tukanawa, tukagawana bili katikati, 18,000 pamoja na maji ya chupa. Kila mtu akapanda bodaboda yake, yeye akiwa amekumbatia mche wake.

Usiku ule nililia, na siku kadhaa baadaye. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Salamu zake zilikuwa fupi, "habari za kazi" na kupita. Maji yalitoka, na aliyenigongea dirisha alikuwa mama wa chumba cha mwisho. Bombani Mwalimu alichota haraka akaingia ndani. Niliamini nimempoteza, nikaanza kuulizia vyumba upande wa Nkuhungu. Sikujuta, hata hivyo. Nililala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ajabu ya mtu mwenye huzuni.

Mwanzoni mwa Septemba, saa nane usiku, dirisha langu likagongwa mara tatu kwa kitu kigumu. Nilijua ni chaki kabla sijasikia sauti. "Kaka. Maji." Nikatoka na ndoo zangu. Tulisimama pale. Akaniuliza kama yule mama wa mgahawa huwa anatia karanga kwenye mlenda au ni ufuta, maana amejaribu kupika mwenyewe na haukuwa vile. Nikamwambia karanga. Tukazungumza habari ya karanga mpaka madumu yakajaa.

Tumerudi pale mara mbili. Mara ya mwisho alilipa yeye. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu amewahi kuniuliza: kama nilikuwa nikiogopa nikiwa mtoto, kama mama anajua, kama kuna mtu mwingine. Nilimjibu yote. Bado nampenda, na hilo linapungua kwa mwendo wake, silisukumi.

Basi haya ndiyo ya kukusaidia ukitaka kwenda. Hawafungui Jumapili. Siku nyingine jiko linaanza saa tano asubuhi, lakini nenda alasiri, kuanzia saa tisa, mashine ikiwa bado inafanya kazi; huzimwa kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili, kwa hiyo usichelewe kusema kama nilivyochelewa mimi. Beba pesa taslimu, mtandao huwa unasumbua pale. Kwa supu na ugali ningewapa alama zote, kwa juisi nusu. Kwa utulivu wa mama yule sina kipimo. Ametuona tumekaa hapo tukiwa na nyuso za kila aina, na kila mara ameleta bakuli moja. Agiza kuku kabla hujakaa. Na mkifika mezani, wewe kaa kwenye kiti kinachotazama minyaa. Kile cha kuelekea lango mwachie yeye.